Daraja la Tatu Halikuwa na Orodha

Haya ni maneno niliyowaambia wafiwa wenzangu tulipokutana hapa Mwanza, mwezi Mei, kuwakumbuka wapendwa wetu. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba yaandikwe yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Poleni. Naanza na neno hilo kwa sababu najua wapo humu ambao hawajaambiwa pole siku nyingi. Waliambiwa sana wiki ile ya kwanza, asubuhi pole, mchana pole, usiku pole, halafu neno likakatika kama mvua ya Mei. Poleni mama zangu. Poleni baba zangu. Poleni nyinyi vijana mliokaa kule nyuma mkijifanya mmewasindikiza wakubwa tu.

Nina maswali mawili. La kwanza: aliyefiwa na mtu wake wa karibu, hata kama ni miaka thelathini iliyopita, anyooshe mkono. Naona. Karibu ukumbi mzima. Shusheni. La pili, na hili mlifikirie kabla ya kunyoosha: mwezi huu uliopita, nani amesikia mtu mwingine, asiwe yeye mwenyewe, akilitaja jina la marehemu wake?

Mmoja. Wawili. Mama kule dirishani, watatu.

Watatu, ndugu zangu. Ukumbi umejaa hivi, na waliotajiwa marehemu wao ni watatu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Wengi wenu mnanijua kama muuguzi, mstaafu sasa. Wachache mnajua kwamba mimi ni dada wa mtu. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa binti mdogo, mwanafunzi wa uuguzi, nimepanga chumba kimoja hapa mjini. Nilikuwa nimemwandikia barua mdogo wangu kule Bukoba: njoo Mwanza, kuna mtu anatafuta kijana wa dukani. Ndani ya bahasha nikaweka nauli ya meli. Nilipiga hesabu ya daraja la pili, haikutosha. Nikaweka ya daraja la tatu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alimfungia mkungu wa ndizi, na kahawa za kutafuna ndani ya jani la mgomba, nipate kuonja kwetu. Akapanda MV Bukoba Jumatatu jioni. Meli ikapita Kemondo, ikachukua watu wengine na ndizi nyingine, ikaja usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi mimi nilikwishafika bandarini na kitenge cha kumfunika, maana nilijua ametoka bila koti.

Mnajua kilichotokea. Ilipinduka asubuhi, ikiwa imebakiza kidogo kufika. Tumbo la meli likabaki juu ya maji, na ndani yake watu walikuwa hai, wanagonga. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, meli ikazama. Mimi nimeyaona mengi katika kazi yangu, lakini mpaka leo nikisikia mtu anagonga bati, nakaa chini.

Meli ile iliruhusiwa abiria 430. Hesabu inayotajwa zaidi ya waliokufa ni zaidi ya watu 800. Kwa nini nasema "inayotajwa"? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Nilimfikia kijana aliyeshika karatasi, macho yake mekundu, naye alikuwa amelia. Nikamwambia jina la mdogo wangu. Akaniuliza, "Daraja gani?" Nikasema la tatu. Akaziangalia karatasi zake, akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Dada, daraja la tatu halina orodha."

Nimeubeba upole ule tangu siku ile. Halina orodha. Mtu alizaliwa, akapewa jina na babu yake, akaitwa kwa jina hilo shuleni na uwanjani, akatajwa kwa jina hilo kwenye sala ya jioni miaka kumi na tisa, halafu anapanda meli na hayumo popote.

Baba alikuja kwa barabara. Nyinyi mnaokwenda Bukoba leo kwa lami hamuwezi kuijua barabara ile: vumbi, Biharamulo, Geita, mpaka Busisi, na pale Busisi huna ujanja, ni kivuko. Siku hizi tunapita juu, daraja la kilomita 3, mtu hamalizi hata soda. Yeye alisimama ukingoni akaviacha vivuko viwili vikaenda bila yeye. Cha tatu akapanda, akafumba macho mpaka Kigongo.

Tukatafuta uwanjani, tukatafuta kati ya waliokuwa wamelazwa mistari mistari, baba akiinua kila shuka, na mimi nyuma yake. Hatukumwona. Wale waliokosa wenyewe walizikwa pamoja kule Igoma. Huenda yumo. Huenda bado yumo ziwani. Sijui, na nimejifunza kuishi na sijui hiyo, ingawa ilinichukua miaka mingi.

Sasa niwaambie nilichojifunza. Nitaeleza kama kinavyonijia.

Ndugu zangu, sisi tunajua kuzika. Hapo hatuna wa kutufundisha. Mtu akikata roho saa nane usiku, alfajiri turubai limefungwa, viti vimekuja, mafiga yamewaka, na hakuna aliyeandikiwa barua. Daftari la rambirambi limefunguliwa chini ya mwembe, mweka hazina anasoma kwa sauti: fulani elfu tano, fulani elfu mbili, fulani debe la mahindi. Akina mama wamejigawa, hawa maji, hawa kuni, hawa kazi yao ni kumshika mfiwa asianguke. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipopata habari za kifo cha binamu yake Jaafar, aliagiza watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Mpaka leo jirani anaingia na sufuria kichwani wala hasemi kitu, anaiweka, anakaa mkekani. Hiyo ni hazina. Msikubali mtu awaambie ni ushamba.

Lakini matanga huanuliwa. Turubai hushuka, viti huhesabiwa, watu wa Dar es Salaam hupanda basi la alfajiri. Na mfiwa anabaki na nini? Anabaki na ufagio na uwanja mzima wa kufagia.

Nina jirani ambaye mume wake tulimzika Januari. Mazishi makubwa, magari mpaka barabarani. Yeye ni Mwislamu, akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Mwezi Mei nikapita kumwona. Akaniambia maneno haya, nayasema kama alivyosema: "Muuguzi, wiki ile ya kwanza sikuwaona watu, walikuwa wengi mno na mimi sikuwa na macho. Sasa macho yamerudi, ndio ningewaona. Hawapo."

Mmesikia? Macho yamerudi, watu hawapo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akija. Mama muuza dagaa wa mtaa wa pili, wala hawakuwa ndugu. Kila Ijumaa baada ya mchana alikuja na maharage mabichi kwenye ungo, akakaa, wakamenya wote. Hakuwa na maneno ya hekima. Wakati mwingine alimaliza kumenya hajasema zaidi ya "jua kali leo." Jirani yangu aliniambia kuwa ungo ule ndio uliomvusha. Hakuzitaja fedha za rambirambi, na zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo nawaomba hivi, na ninaomba kwa dhati. Ukitoka kwenye mazishi, chukua simu yako hapo hapo, hesabu miezi mitatu mbele, andika: nenda kwa fulani. Andika! Usijidanganye kwamba utakumbuka. Na siku hiyo uende na ungo wako wa maharage. Huna maharage? Nenda na mikono mitupu, umshikie mtoto, umfulie.

Nije kwenye neno lingine, na hili nalichukia tangu moyoni. Jikaze. Mwanaume, jikaze. Wewe ndiye mkubwa, jikaze, wadogo zako wanakuangalia. Mama, jikaze, utaugua.

Baba yangu alijikaza. Aliporudi nyumbani kutoka Mwanza, aliingia kibanjani, akakata majani makavu ya migomba siku tatu, hakusema na mtu. Kwetu sisi Wahaya mtu hulazwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba ya baba yake. Mama alitaka kaburi la mwanawe lichimbwe hata kama halina mwili, azike shati lake. Baba akakataa. Hakusema kwa nini. Toka siku hiyo hakula samaki. Sato, sangara, dagaa, chochote kilichotoka ziwani, hakukigusa. Wala hakulitamka jina la mwanawe. Na sisi, kwa kumheshimu, tukaacha kulitamka. Ikawa nyumba ina chumba kimoja kisichofunguliwa.

Miaka kumi na mmoja. Halafu akafa mzee mmoja wa kijiji, wala hawakuwa marafiki, walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Baba akaenda mazishini kama jirani yeyote. Jeneza lilipoanza kushuka, baba yangu alipiga kelele. Alianguka magotini akalia kilio ambacho wanawake waliacha cha kwao wakamwangalia. Watu wakasema, kumbe alimpenda hivi! Mimi nilikuwepo, nikajua anayemlilia ni nani. Alikuwa hajawahi kuona jeneza la mwanawe likishuka. Hili lilikuwa la jirani, akaliazima.

Mangapi ya machozi yetu tunayalia kwenye misiba ya watu? Nyinyi akina baba mliokunja mikono hapo, nawauliza kwa heshima. Mangapi?

Nani alituambia kulia ni upungufu wa imani? Injili inasema wazi kwenye msiba wa Lazaro: Yesu akalia machozi. Na alijua anakwenda kumfufua! Mtume naye alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitokwa na machozi, maswahaba wakashangaa, akawaambia kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hao walikuwa wadhaifu? Basi mwacheni mzee alie. Mwacheni kijana alie. Mkimwona anatafuta pa kujificha, mpisheni, mkalinde mlango.

Baada ya siku ile baba alimruhusu mama azike shati. Baadaye niliambiwa na mwenzangu kazini, Mjaluo wa Rorya, kwamba kwao maji yakimchukua mtu na mwili usipatikane, huzika tunda la yago, lile refu kama mkono, mti wake kwa Kiswahili ni mwegea. Hulizika kwa heshima zote za mtu. Niliposikia hivyo nililia kwa furaha. Kumbe wenye ziwa hili walilijua ziwa hili siku nyingi, wakajua moyo unahitaji mahali pa kupiga magoti! Mama alikuwa sahihi na shati lake. Leo kaburi lile lipo, limejengewa, lina msalaba na jina, na baba amelala hatua nne kutoka pale.

Watoto. Hapa lazima nikawie kidogo.

Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi na mizigo yao. Zaidi ya 220 walikufa. Mimi mnaweza kudhani nilijisikiaje. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kuhani, na kwenye nyumba moja nikamkuta mtoto wa kike wa miaka kama sita aliyefiwa na mama yake. Wakubwa walikuwa wamemwambia, "Mama amesafiri." Walifanya kwa huruma, sisi sote tumewahi kusema hivyo. Sasa yule mtoto akawa kila mtu wa nyumbani akichukua mkoba anamng'ang'ania gauni. Shangazi akienda sokoni, mtoto anapiga yowe. Na jioni anaondoka kimya kimya, anakutwa gatini amekaa.

Anangoja nini? Aliyesafiri hurudi. Alikuwa na akili yule mtoto; sisi wakubwa ndio tuliokosea maneno.

Bibi yake alimchukua, akampeleka kaburini, akamwambia: mama yako amekufa. Kufa ni kwamba mwili hauamki tena, haumwi, hausikii baridi. Hujafanya kosa lolote. Mimi nipo, nitakupikia, nitakusuka. Mtoto akauliza, "Nani atanisuka Jumapili?" Bibi akasema, "Mimi." Akauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, swali lile lile, na bibi akajibu lile lile bila kuchoka. Gatini akaacha kwenda. Mtoto huuliza mara ishirini kwa sababu anajaribu kama jibu litasimama. Ukimjibu tofauti kila siku, unamrudisha majini.

Kuna neno "laiti". Hilo nalijua kuliko yeyote humu. Laiti nisingeandika barua. Laiti ningekopa, nikaweka nauli ya daraja la pili. Laiti ningesema aje wiki ijayo. Kazini wenzangu walinikuta stoo nikihesabu noti zisizokuwepo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi mjukuu huyo nilimlea miaka, nikamnyonyesha.

Watu waliniambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Nisikilizeni vizuri, simpingi Mungu. Lakini maneno yale nilipoambiwa mapema hivyo yalinifunga mdomo, nikaona kumbe hata kuuliza ni dhambi. Hivyo hivyo "sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi." Unamwambia hivyo mama aliyezaa? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huna la kusema, sema pole, nyamaza, kaa.

Kilichonitoa kwenye laiti ni mama yangu. Nilimkiri yote miaka mitatu baadaye, kuhusu nauli. Akacheka kidogo, cheko la kulia. Akasema, "Mwanangu, ile barua yako aliisoma kwa sauti mara tatu, akaenda kuwaonyesha wenzake: dada ameniita mjini. Sijamwona na furaha ile tangu azaliwe. Wewe unakumbuka nauli. Mimi nakumbuka uso." Miaka mitatu nilikuwa sina uso ule! Ulikuwa kwa mama, na mimi sikuuliza, na yeye hakusema, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kunyamaza ili tusiumizane. Mnaona tulivyoibiana?

Yupo mtu humu leo ameshika uso wa marehemu wako ambao wewe huna. Rafiki yake wa shule, aliyekuwa akimkatia nywele, dereva wa bodaboda aliyembeba kila asubuhi. Mkiwauliza watawapa.

Niseme kidogo kama muuguzi. Mmesikia habari za hatua tano za huzuni, na wengine mmekuja kuniuliza mbona hamjafika ya tano. Aliyeziandika mwaka 1969, daktari Elisabeth Kübler-Ross, alikuwa amekaa na wagonjwa waliojua wanakufa. Hakuwapangia wafiwa ngazi ya kupanda. Huzuni yenu haina ngazi. Leo unacheka, kesho unanusa sabuni aliyokuwa akiogea, unarudi siku ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo, hujarudi nyuma. Lakini ikiwa miezi sita imepita, mwaka umepita, na bado huwezi kuamka, huwezi kula, huwezi kuwalea watoto, au unatamani kumfuata, hapo usingoje. Nenda hospitali ukaseme kama unavyosema habari ya malaria. Ugonjwa huo unatambuliwa na Shirika la Afya Duniani na una msaada. Si uchawi, wala hujalaaniwa.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mikono.

Kulikuwa na mchungaji na mwanazuoni wa Kenya, mzaliwa wa Kitui, John Mbiti, aliyefariki 2019. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili chetu, sasa na zamani, akaeleza kwayo jinsi wazee wetu walivyowafikiria wafu. Mtu akifa, alisema, haingii zamani siku ile. Anabaki katika sasa, maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, hapo ndipo anapozama katika zamani.

Kwa jina, ndugu zangu. Alitaja jina. Ndio maana tunawapa wajukuu majina ya babu zao. Ndio maana Wakristo tunasoma majina kwenye misa ya wafu, na Waislamu wanaposoma khitma humtaja wanayemwombea. Wazee hawakuwa wajinga.

Mama yangu, yupo, umri umekwenda. Kila Novemba senene wakianguka Bukoba, akishawakaanga, anatenga kiasi kwenye kisahani. Mdogo wangu alikuwa mwizi wa senene, alikula sufuria ikiwa bado jikoni. Mama anaweka kisahani, anataja jina, anasema, "Hizi zako, safari hii huna haja ya kuiba." Halafu wajukuu wanakula, na wakiwa wanakula wanauliza, aliiba vipi? Mama anasimulia. Watoto waliozaliwa miaka ishirini baada ya meli kuzama wanajua mjomba wao aliunguza vidole kwa senene. Nani atasema hayumo katika sasa?

Nimekuja na daftari. Mnaliona, la kurasa mia mbili, la kawaida, la shuleni. Nilikuwa kijana niliposimama pale bandarini nikaambiwa hakuna orodha. Nimekuwa mtu mzima nimeelewa kwamba orodha ile hakuna ofisi itakayoniletea. Aliyekuwa na jina la mdogo wangu ni mimi. Aliyekuwa na jina la yule aliyekaa naye benchi moja usiku ule ni dada yake mwingine, mahali fulani, Muleba au Karagwe, au pengine yumo humu.

Basi leo tutaandika. Kila mmoja atataja jina la mtu wake, kwa sauti, majina yote matatu kama unayajua, halafu neno moja tu: alipenda nini. Usiseme alikufaje. Sema alipenda nini. Aliyekufa jana, aliyekufa miaka hamsini iliyopita, mtoto mchanga ambaye hakupata jina, wote. Wa mtoto mchanga utampa jina leo, nasi tutaliandika. Vijana wawili hawa watanisaidia kuandika. Ukishindwa kutamka, aliye jirani yako akusemee. Ukilia, tutangoja, hakuna anayekimbilia basi.

Majina yaliyosomwa ukumbini sitayaweka hapa, ni ya wenyewe, yamo daftarini. Lakini haya ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla ya kalamu kuanza.

Nimeona viti vya mbele mmeshajiandaa, wazee wangu, naomba mnisamehe. Safari ile walianza kuandika mbele, wakaishia njiani. Leo tunaanzia nyuma. Mama uliyekaa karibu na mlango, wewe mwenye kitenge cha kijani, usisimame kama miguu inauma. Tunakusikiliza. Anaitwa nani?